Andika jina lako kabla hujatoka shimoni

Juzi msichana wa mwaka wa tatu anayesoma akiolojia aliniandikia kutoka Kisumu: "Dada, kila tukienda uwandani wavulana wanashuka shimoni, mimi naachiwa kuosha vigae vya vyungu vya kale. Nifanyeje?"

Machozi yalinilenga. Msimu wangu wa kwanza, upande wa Ziwa Elmenteita, nami niliosha vigae na kuandika lebo wiki mbili nzima, eti kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Wiki ya tatu mwenzangu mmoja akashikwa na malaria, nikapewa nafasi yake. Siku hiyohiyo niliona kwamba vipande vya obsidiani, kioo cheusi cha volkeno, vimelala juu ya tabaka la majivu, si chini yake kama tulivyodhani. Nikapima, nikachora, nikamkabidhi msimamizi.

Miezi minane baadaye, kwenye kongamano, mchoro wangu ulioneshwa ukutani ukiwa na jina la yule aliyekuwa hemani anatetemeka kwa homa. Nikapiga makofi pamoja na wengine. Makofi hayo yananiuma mpaka leo.

Mwezi uliopita makala yangu kuhusu obsidiani ilichapishwa, jina langu likiwa la kwanza. Nilimpigia mama simu Njoro, akapiga vigelegele.

Basi mdogo wangu, kuosha vigae usikudharau, kunafundisha macho. Lakini omba zamu ya shimoni siku ya kwanza, mbele ya wote, kabla miiko ya kuchimbia haijagawiwa. Weka daftari lako: tarehe, kina kwa sentimita, jina lako kila ukurasa. Kila mchoro utie sahihi. Narudia, kila mchoro.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, hapa Nakuru, mwaka 1937. Hakuwa na shahada. Fuvu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, la mwaka 1948 kisiwani Rusinga alilipata yeye. Lile la zamadamu la Olduvai, Tanzania, mwaka 1959 pia, mumewe Louis akiwa kambini mgonjwa. Hata hivyo, ukitaja Leakey, wengi humkumbuka Louis kwanza. Wasichana, tusikubali kazi ya mikono yetu iitwe msaada! Nanyi wahadhiri, gaweni zamu kwa orodha, msigawe kwa mazoea.

Mwezi wa nane narudi Elmenteita. Njoo na mwiko wako na daftari jipya. Zamu ya kwanza ya shimo nimeshakuandika.