Moyo unaposimamishwa kwa ajili ya baipasi
Ndugu, umeuliza kama moyo uliosimamishwa kwa upasuaji wa baipasi, yaani kuunganisha mshipa wa kupitishia damu kando ya ateri ya moyo iliyoziba, huachwa bila ulinzi. Hapana, hauachwi: humiminiwa dawa yenye potasiamu nyingi, mara nyingi ikiwa imechanganywa na damu na kupozwa, ili utulie na uhitaji oksijeni kidogo sana, na kwa kawaida dozi hurudiwa kila baada ya dakika 15 hadi 20. Kwa mgonjwa aliye hatarini zaidi, ambaye ateri zake zimeziba kiasi kwamba dawa haipenyi vizuri, hupitishwa pia kinyumenyume kupitia sinasi ya koronari, yaani vena kubwa inayokusanya damu kutoka kwenye misuli ya moyo. Nasema haya kama muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Kampala, niliyezoea kuona mstari wa mapigo ya moyo kwenye skrini ukinyooka kabisa, jambo linalowatisha wanafunzi wote. Ila wapo wapasuaji wanaounganisha mishipa moyo ukiendelea kupiga, na hapo dawa hiyo haihitajiki.