Marshali wa Rally Sweden halipwi mshahara
Je, marshali wa Rally Sweden, mashindano ya mbio za magari kwenye theluji nchini Uswidi, ni mwajiriwa au fundi? Hapana, halipwi mshahara, wala si lazima awe fundi wa magari. Ni mtu wa kujitolea anayepewa mafunzo na kukabidhiwa sehemu yake ya barabara. Kazi yake kubwa ni kuwazuia watazamaji wasisimame mahali pa hatari, hasa upande wa nje wa kona, kwa sababu huko katika mji wa Umeå, ambako mashindano hayo yamekuwa na makao tangu 2022, madereva huyaegemeza magari kwenye kingo za theluji kwa makusudi, na ukingo ukivunjika gari humfuata aliyesimama nyuma yake. Gari likikwama njiani, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, huwataka waliomo waweke pembetatu nyekundu angalau mita 50 kabla ya gari lao na kuwaonyesha wanaofuata bango la OK, au la SOS ikiwa kuna anayehitaji daktari kwa haraka. Tahadhari moja tu kwa anayetaka kuwa marshali: saa za kusimama ni nyingi kuliko za kutazama magari, kwa hiyo viatu viwe na nafasi ya soksi nene, maana vidole vya miguu ndivyo huanza kufa ganzi.