Re: Nimezunguka dunia, sasa nimekwama Leipzig

Habari ndugu. Nimekuelewa: safari imeisha, viza ya kazi ya Ujerumani unayo, umejistiri kwa rafiki, ila benki inataka anwani, mwajiri anataka namba ya kodi, na wewe huna hata kimoja.

Anza na Anmeldung, kuandikisha makazi. Mengine yote yanaisubiri. Sheria inakupa wiki 2 tangu uhamie, lakini miadi hugombewa, kwa hiyo chungulia tovuti ya ofisi ya uandikishaji asubuhi mapema. Wanaoghairi huacha nafasi. Kinachokwamisha wengi ni fomu ya mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango pekee hautoshi. Rafiki yako akiwa mpangaji mkuu anaweza kuisaini yeye, ila ahakikishe kwanza mwenye nyumba ameridhia wewe kukaa hapo.

Halafu, leo hii, bandika jina lako kwenye sanduku la barua! Namba ya kodi huja kwa posta, na tarishi asipoona jina anarudi nayo. Mimi hilo lilinisumbua kuliko viza yenyewe. Ikichelewa, mwajiri anaweza kukukata kodi kwa daraja la 6, lenye makato makubwa kuliko yote. Inauma, ila ziada waliyokukata unaweza kuidai urudishiwe baadaye.

Bima ya safari uliyozunguka nayo isahau. Kibali cha ukaazi kinataka bima kamili ya afya; ukiajiriwa, chagua mfuko na umjulishe mwajiri.

Ikija barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, usishtuke. Nyumba moja hulipa ada moja tu, hata mkikaa wengi. Wape namba ya malipo ya rafiki yako.