Maswali na majibu: mpangilio wa herufi za Kigeorgia

Kwa nini alfabeti ya Kigeorgia inaanza a, b, g, d, halafu zh iko katikati ilhali sh na ch ziko mkiani?

Kwa sababu zamani ilitumika pia kuhesabia. Inafuata Kigiriki (alfa, beta, gama, delta), na kila herufi ina thamani: ა 1, ი 10, რ 100. Sauti ambazo Kigiriki hakina, kama sh, ch, ts na j, zingevuruga hesabu zikipenyezwa katikati, ndiyo maana zikawekwa mwishoni, kuanzia შ yenye 900. ჟ (zh) ilibahatika: nafasi ya 90 kwa Wagiriki ilikuwa ya kopa, herufi iliyobaki kuwa tarakimu tu, na Wageorgia wakaijaza. Waliosoma abjadi, yaani herufi za Kiarabu zikitumika kama namba, wanaujua mtindo huu: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4. Alifu, be, te, the ya chuoni ni mpango mwingine, wa kukusanya maumbo yanayotofautiana kwa nukta.

Mwaka unaandikwaje kwa herufi?

Vunja namba ukianzia kubwa. 1879 ni 1000 ჩ, 800 ყ, 70 ო, 9 თ: ჩყოთ. Sifuri haipo, kwa hiyo 1809 ni ჩყთ basi. Wengi hukosea kwa kuhesabu nafasi katika alfabeti ya leo. თ ni ya 8, lakini thamani yake ni 9, kwani 8 ilikuwa ya ჱ, ambayo imeondolewa.

Ni herufi 33 au 38?

33 leo. Tano (ჱ, ჲ, ჳ, ჴ, ჵ) ziliachwa kwa juhudi za chama cha kueneza kusoma na kuandika kilichoasisiwa 1879, mwandishi Ilia Chavchavadze akiwa miongoni mwa waasisi.

Nimepanga miji ya Georgia kwenye kompyuta, nikaambiwa nimekosea. Wapi?

Umepanga kwa herufi za Kilatini. Kaspi na Kutaisi kwako zinafuatana, lakini Kaspi huanza na კ (ya 10), k inayokatwa kwa kubana koo, na Kutaisi na ქ (ya 22), k yenye pumzi. Ongeza safu ya pili yenye majina kwa Kigeorgia, kisha panga kwa safu hiyo: თბილისი (Tbilisi), კასპი (Kaspi), მცხეთა (Mtskheta), ფოთი (Poti), ქუთაისი (Kutaisi).

Majina yenyewe yatoe kwenye ramani au orodha ya Kigeorgia. Usiiachie programu iyageuze kutoka Kilatini, maana kile kiritifaa kinachotenganisha k' na k hudondoshwa mara nyingi. Herufi 33 zimefuatana sawasawa katika Yunikodi (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta), hivyo hata programu isiyojua Kigeorgia itapatia. Kwa maandishi ya kale itachemsha: zile tano zimerundikwa baada ya ჰ, na ჱ, ambayo mahali pake ni baada ya ზ, inaangukia mwishoni.

Kichwa cha habari kimegeuka visanduku vitupu!

Kuna amri ya kugeuza maneno yawe herufi kubwa. Kigeorgia hakianzi sentensi wala jina kwa herufi kubwa. Maumbo ya Mtavruli (herufi kubwa za Kigeorgia), yanayotumika neno zima kwenye vichwa, yaliingia Yunikodi 2018, na fonti za zamani hazinayo. Ondoa amri hiyo, au tafuta fonti mpya.