Chuma cha kuvutia tela kwenye BMW X5

Kaka, huyo fundi anayetaka kukuchomelea chuma kwenye bampa ya X5 ili uvute boti, mkatalie kabisa. Bampa ni plastiki tu. Chuma cha tela hufungwa kwa bolti kwenye mihimili ya bodi, nyuma ya bampa, kwenye matundu yaliyoachwa na kiwanda.

Kazi kubwa zaidi ni umeme. Usiruhusu akate waya za taa za nyuma aungie za tela. Gari hizi kompyuta hupima taa zote, ukichokonoa hovyo unaweza kuunguza moduli (kisanduku cha kompyuta kinachosimamia umeme) ya bei mbaya. Nunua waya za modeli yako pamoja na moduli ya tela, kisha gari liprogramiwe litambue tela. Hapo ndipo sensa za nyuma zinanyamaza ukirudi rivasi na gari linasaidia tela lisiyumbe.

Tela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi kilo 750. Pima boti ikiwa na injini na mafuta.

Angalia na mpira wenyewe, yaani tufe la chuma ambalo kichwa cha tela hukaa juu yake: wa Ulaya una kipenyo cha milimita 50, wa Kimarekani inchi 2, yaani milimita 50.8. Kichwa cha tela la Kimarekani kitacheza juu ya mpira wa Ulaya.