Ukiwa chini, tafuta wimbo uliotungwa na mtu aliyekuwa chini

Mleta mada, umesema umeachishwa kazi, usingizi umekukimbia, na kila unayemwomba nyimbo za kutia moyo anakutumia zile za "utashinda, songa mbele", ambazo ukizisikiliza ndiyo kwanza unazidi kunyong'onyea. Nimesoma majibu ya wenzangu na mengi yanakuongezea zilezile. Naomba nikupe njia nyingine.

Mimi naimba besi kwenye kwaya hapa Mwanza tangu nikiwa kijana. Tumeimba harusini, misibani, wodini na kwenye mikesha. Katika miaka yote hiyo nimeona jambo moja likijirudia: mtu aliyevunjika moyo hainuliwi na wimbo unaomwamuru afurahi. Huo anausikia kama anakaripiwa. Anainuliwa na wimbo unaoanzia pale alipo, ukakubali kwamba ameumia, halafu ukamchukua kidogo kidogo.

Jambo hili ni la zamani. Fungua Zaburi ya 13. Ina aya sita tu, na inaanza kwa kulalamika waziwazi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Mlalamikaji anauliza "hata lini" tena na tena, na ni mwishoni kabisa ndipo anaposema atamwimbia Bwana. Ukichukua aya ya mwisho peke yake ukampa mtu aliyefukuzwa kazi jana, haitamfikia. Zaburi ya 88 ndiyo kali zaidi, kwa sababu inamalizikia gizani bila faraja yoyote, na bado waliitunza na kuiimba.

Wimbo ambao ningependa uanze nao uko kwenye Tenzi za Rohoni: "Nionapo amani kama shwari". Pengine umeuimba tangu utotoni bila kujua ulikotoka. Aliyeandika maneno yake, Horatio Spafford, alikuwa wakili wa Chicago. Moto mkubwa uliounguza mji huo mwaka 1871 ulimtia hasara nzito. Mwaka 1873 mkewe Anna na mabinti zao wanne walipanda meli ya Ville du Havre kwenda Ulaya, yeye akabaki nyuma kwa shughuli zake. Tarehe 22 Novemba meli ile iligongana na nyingine katika Atlantiki, ikazama kwa muda mfupi sana. Watu 226 walikufa. Anna aliokolewa, mabinti wote wanne walikufa maji. Telegramu aliyompelekea mumewe ilimwambia kwamba ameokoka peke yake. Maneno ya wimbo yalitoka kwenye msiba huo. Philip Bliss aliyatungia muziki mwaka 1876, na tuni akaipa jina la meli ileile.

Ukishalijua hilo, ubeti wa kwanza hauusikii tena kama zamani. Mtu huyu hasemi shida haipo. Anaitaja shida sambamba na amani, na anazungumzia maji akijua maji yamemfanyia nini.

Na sisi watu wa Mwanza tuna sababu yetu ya kuushika wimbo huu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kabisa kufika, na zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Wengi wamelala kwenye makaburi ya Igoma. Mume wa shangazi yangu alikuwamo melini. Shangazi ni mwimbaji wa sauti ya pili, na kwa muda mrefu baada ya msiba alikuwa akisimama nasi kwenye mstari, kitabu mkononi, wimbo huu ukifika anafunga mdomo. Mwalimu wa kwaya hakumwambia neno na hakumwondoa kwenye mstari. Kisha Jumapili moja nikamsikia akiitika kwenye kiitikio. Ubeti bado hakuuimba, ila kiitikio aliimba, na kwa sauti yake yote. Baadaye nilimuuliza ilikuwaje siku ile, akaniambia, "Mwanangu, niliona nyinyi mnaimba na mimi nimo katikati yenu, sauti ikatoka yenyewe."

Kiitikio hicho kimejengwa kwa namna ambayo hata anayesikiliza anaweza kuifuatilia. Sauti za juu zinatangulia na maneno machache, sisi wa chini tunayarudia nyuma yao. Wanasema tena, tunaitika tena. Halafu mstari wa mwisho sauti zote nne zinakutana na kutembea pamoja mpaka mwisho. Ninaposimama upande wa besi, pale tunapokutana nausikia mtetemo kifuani, na ninaona watu kwenye mabenchi wakivuta pumzi. Kwanza kila upande ulikuwa unajibiwa, sasa wote wanasema kitu kimoja. Mtu aliyekaa peke yake na mawazo yake kwa wiki nzima, hicho ndicho alichokikosa: kujibiwa.

Hukusema dini yako, kwa hiyo nisikufungie kanisani. Kule Zanzibar kuna Maulidi ya Homu, ambapo wanaume hupiga magoti kwenye mstari, wakaimba na kuyumba kwa pamoja, matari yakiwaongoza. Ukiwatazama unaona kazi ni ileile: pumzi moja, mwendo mmoja, hakuna anayebaki peke yake.

Na kama nyimbo za ibada si zako, msikilize Remmy Ongala na Super Matimila. Alizaliwa Kindu, Congo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akawa sauti ya watu wa hali ya chini mpaka alipofariki mwaka 2010. Kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy kinabeba jina lake mpaka leo. Aliimba juu ya kifo na umaskini bila kuzunguka, na watu walicheza. Namna dansi letu linavyopangwa inasaidia: kwanza mwimbaji anakueleza shida yake taratibu, unamsikia mpaka mwisho, ndipo magitaa yanapochanganya na chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, linaingia. Unapoanza kuinuka kwenye kiti, shida imeshasemwa yote, hakuna kilichofichwa. Mimi nikiwa na siku mbaya njiani, huyu ndiye ninayemweka.

Sasa kuhusu usiku wako. Usiuache wimbo wa huzuni ujirudie mpaka alfajiri. Wenzangu wawili wamewahi kufanya hivyo na wakazama zaidi. Usikilize mara moja au mbili, kisha uimbe mwenyewe, kwa sauti, hata kama ni jikoni. Kuimba kunakulazimisha kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole, na mwili unatulia. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, wimbo hautoshi. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii na uende hospitali.

Ukiweza, usiishie kwenye simu. Kwaya nyingi zinafanya mazoezi jioni katikati ya wiki na milango huwa wazi. Ingia, kaa benchi la nyuma, sikiliza siku ya kwanza bila kuimba. Siku ya pili msogelee mwalimu, mwambie hujui nota. Atakupigia sauti kidogo kwenye kinanda, atakusikiliza, kisha atakusimamisha karibu na mtu mzoefu mwenye sauti kama yako. Mfuate yeye sikioni, nota utajifunza baadaye. Kama uko Mwanza, nitumie ujumbe hapa jukwaani, nitakuelekeza.