Swali la lugha: "Bangi ya dawa", "dawa ya bangi" au "matibabu ya bangi"?

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Bukavu. Pamoja na mwalimu wa chuo cha uuguzi na mchapishaji mmoja, tunatayarisha kijitabu cha Kiswahili kuhusu dawa zinazotengenezwa kutokana na bangi, tukitegemea makaratasi ya Kifaransa kutoka Ulaya. Mmoja wetu anaandika "bangi ya dawa", wa pili "dawa ya bangi", wa tatu "matibabu ya bangi". Lipi ni sahihi? Na sisi tujiite "wataalamu wa bangi"?

Jibu: Ndugu muuguzi, yote matatu ni Kiswahili, ila hayasemi jambo moja, na hilo la tatu litawapoteza wasomaji wenu.

Matata yako kwenye ile -a unganifu (ya, wa, cha). "Dawa ya malaria" inaiondoa malaria, "dawa ya maji" yenyewe ni ya majimaji, "dawa ya mitishamba" imetoka kwenye mitishamba. Hakuna kinachoonyesha tofauti ila mazoea ya msikilizaji: neno la pili likitaja jambo baya, anaelewa kwamba dawa inalipinga. Na bangi, kwa masikio ya Bukavu, Goma au Lubumbashi, ni jambo baya. Sheria ya Kongo inaikataza. Basi mama akisoma "matibabu ya bangi" ataelewa kwamba kuna kijana aliyezama katika kuvuta na sasa anatibiwa aache, sawa na "matibabu ya ulevi". "Dawa ya bangi" inaelekea hukohuko. "Bangi ya dawa" haina kasoro hiyo, lakini inataja mmea, na msomaji ataona majani na moshi mahali ambapo nyinyi mnazungumzia chupa ya sirapu.

Amueni kwanza mnataja nini. Kama ni mmea, andikeni bangi, na mara moja mwanzoni muongeze jina la kisayansi, Cannabis sativa. Kama ni dawa iliyotengenezwa, andikeni "dawa itokanayo na bangi", wingi "dawa zitokanazo na bangi". Ni maneno mengi, lakini hayapotoshi. Kama ni kemikali iliyomo, itajeni kwa jina lake: kanabidioli (CBD) au tetrahidrokanabinoli (THC). Wengine hupenda "kanabisi" kwa sababu linasikika la hospitali. Mimi silipendelei, kwa kuwa mama mwenye mtoto atauliza "hiyo ni nini?" na muuguzi atalazimika kujibu "bangi". Afadhali kijitabu kimwambie ukweli huo tangu ukurasa wa kwanza.

Hizo kemikali mbili zinahitaji vitenzi vyake. THC hulevya, kanabidioli hailevyi. Jihadharini na "CBD hailewi", kosa ninaloliona mara nyingi: anayelewa ni mtu, kinacholevya ni kitu. Na neno "dawa za kulevya" liacheni kwenye sura ya sheria tu, au muweke "mihadarati", ili "dawa" katika kurasa nyingine zote imaanishe dawa ya kutibu.

Neno chanvre la Kifaransa ni mtego mwingine. Katika makaratasi ya Ulaya mara nyingi ni aina ya bangi inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu, yenye THC kidogo sana. Mitaani kwetu, chanvre ndiyo hiyohiyo ya kuvuta. Mkikimbilia kamusi mtapata "katani", na msomaji wa Tanga atafikiria nyuzi za mkonge, mmea mwingine kabisa. Andikeni "bangi ya nyuzi" na mueleze kwa sentensi moja. Vivyo hivyo "mafuta ya bangi" peke yake hayatoshi. Mafuta ya mbegu ni ya chakula na karibu hayana kanabidioli wala THC, kwa hiyo semeni "mafuta ya mbegu za bangi" au "mafuta yenye CBD", na kiasi chake kwa mililita.

Hapo kwenye vipimo ndipo ningewaomba mkae muda mrefu zaidi. Chukueni sirapu ya kanabidioli, Epidiolex, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu kinachoanza utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Mililita 1 ina miligramu 100. Maelekezo yake ni kuanza na miligramu 2,5 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Baada ya wiki moja daktari anaweza kupandisha hadi miligramu 5 kwa kilo kila mara, bado mara mbili kwa siku. Dozi ya kuanzia, karatasi ya Kifaransa huenda ikaiandika 5 mg/kg/jour en deux prises, yaani miligramu 5 kwa kilo kwa siku nzima, zikigawanywa mara mbili. Mkiandika "miligramu 5 kwa kilo kwa siku, mara mbili", nusu ya wasomaji watampa mtoto 5 asubuhi na 5 jioni, yaani maradufu. Piganieni sentensi isiyo na njia mbili: "Mtoto wa kilo 12: miligramu 30 (mililita 0,3) asubuhi, miligramu 30 (mililita 0,3) jioni." Andikeni "miligramu" na "mililita" kwa ukamilifu kila mara. Atakayesoma mililita 30 atakuwa amepima miligramu elfu tatu, mara 100 ya dozi.

Hiyo koma pia iangaliwe. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 0,3. Muuguzi wa Kigoma anaandika 0.3. Tunaelewana, mpaka mtu aongeze sufuri: 2,500 kwetu ni mbili na nusu, kwake ni elfu mbili na mia tano. Msiongeze sufuri mwishoni, wala msiiondoe ile ya mbele. Na msiandike "matone", kwa sababu ukubwa wa tone hutegemea kidondoshi. Andikeni mililita, zipimwe kwa sirinji isiyo na sindano.

"Athari" ni lolote linalotokea baada ya dawa, "madhara" ni mabaya tu. Usingizi, kuharisha, kukosa hamu ya kula na kupanda kwa vimeng'enya vya ini, hasa mgonjwa akitumia pia valproate (dawa nyingine ya kifafa), viwe chini ya "madhara".

Msiandike "mweleze mganga wako". Lubumbashi munganga ni daktari wa hospitali, lakini msomaji wa Dar es Salaam anaweza kwenda kwa mtu wa mizizi. "Daktari" linatosha. Na mkitafsiri habari za Marekani, msiseme kila mara kwamba daktari "ameandika" bangi kwenye ordonansi, yaani cheti cha dawa: tangu California ilipofungua njia mwaka 1996, kwa mmea wenyewe daktari hutoa pendekezo. Sirapu kama Epidiolex ndiyo huandikwa.

"Wataalamu wa bangi" mliache. Linasikika kama sifa ya wavutaji. Kazi yenu ina majina tayari: muuguzi, mwalimu wa uuguzi, mchapishaji wa vitabu vya afya. Kwenye jalada wekeni majina hayo, na chini yake mstari mmoja: "Elimu kuhusu dawa zitokanazo na bangi".